Firigisi za Mama Kamu

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Adhabu ya Kwaresima sikuichagua mie, kaichagua paroko. "Jovina," kaniambia mbele ya watu, "nyama hata usipoila siku arobaini hutapungukiwa kitu. Wewe funga kufoka." Wanajumuiya wakacheka hadi wakashikana mabega. Basi nimenunua daftari hili, na kila neno ambalo ningemfokea mtu naliweka humu mpaka Pasaka.

Na nimelianza siku mbaya, maana leo hii hii wamefungua.

Kuku Dakika. Tawi la kumi na moja, ndivyo walivyoandika kwenye bango, kana kwamba sie watu wa Kibamba tulikuwa tunahesabu hayo kumi ya kwanza. Wako jengo la pili kutoka kwangu, upande huu huu wa Barabara ya Morogoro. Vioo mwanzo mwisho, viti vyekundu, kiyoyozi, vijana wa kofia za njano wanampigia mteja makofi akiingia. Makofi! Mtu kaja kula, hajaja kuhitimu.

Mie niko hapa mwaka wa kumi na nne. Kwa Mama Kamu, madereva wa malori wanapajua mpaka Tunduma. Meza sita, viti ishirini na nne, ndizi za kwetu Bukoba, kuku wa kienyeji anayechemka tangu alfajiri. Waacheni watu wakashangae vioo. Wiki haiishi watakuwa wamerudi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna nyama, siku ya samaki na maharage. Mvua kidogo. Manesi watatu wa zahanati walikaa hadi saa tisa wakicheka. Sufuria imekwisha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kweli sasa, masika yameingia. Sufuria ya ndizi imebaki nusu. Mabinti wa duka la dawa, wale wawili waliokuwa wanakula kwangu kila siku ya Mungu, wamepita mbele ya mlango wangu na mwavuli mmoja, wakageuza shingo upande wa pili kama wameona ajali. Nimewaona. Nilikuwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi, na mdomo nimeufunga mpaka meno yanauma. Paroko, unaniona?

Alhamisi, 13 Machi

Wa kutegemewa ni mmoja tu, Mzee Theonest. Karani mstaafu wa bandari, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa Kamachumu kama mie. Saa saba kamili anaingia, anakaa chini ya feni, isipokuwa Ijumaa za Kwaresima maana samaki hapendi.

Leo nilimpelekea sahani mwenyewe. Niandike hapa, maana hiki ndicho kitu ambacho wale wa vioo hawana. Kuku nachinjisha wanane kwa siku, kwa hiyo firigisi ni nane. Kwangu firigisi haiuzwi. Firigisi ni heshima. Nachungulia kwenye dirisha la jikoni, naangalia nani kakaa wapi, nagawa. Ya kwanza ya Mzee Theonest. Ya pili ya mwenyekiti wa mtaa. Zinazobaki ni za wazee wenye mvi, na meza ikiwa ya mchanganyiko, mwanamume wa meza hiyo lazima apate yake. Bila kuomba, bila kulipia, juu kabisa ya sahani. Kwetu firigisi ni ya baba, na mgeni wangu ni baba kwangu. Asifiwe, mpishi wangu, anajua hata akiwa anasinzia: firigisi haionjwi jikoni.

Mzee Theonest alitafuna, akafumba macho, akasema, "Jovina, nyumba yenye adabu inajulikana hapa." Mvua ilinyesha mchana kutwa lakini nililala vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimemwona Rosalia. Ndani. Kwenye kile kioo chao.

Ningekuwa naruhusiwa kufoka ningegonga kile kioo kwa ngumi! Rosalia! Mwalimu Rosalia aliyewafundisha wanangu wote kusoma. Miaka kumi na miwili anakula kwangu. Msiba wa mama yangu alikaa nami siku nne Bukoba, kalala chini kwenye mkeka kama ndugu. Na leo kakaa kwenye kiti chekundu na boksi la karatasi mbele yake, anakula peke yake, ametulia, wala hana habari. Nilisimama nje kwenye manyunyu kama mwizi. Hakuniona.

Nimejiuliza nimemkosea nini. Januari alipopandishwa kuwa mwalimu mkuu alikuja kwangu moja kwa moja, hata nyumbani hajafika. Yeye, walimu wenzake wawili wa kike, na yule kijana Fredrick aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Akasimama mlangoni kanyoosha mikono: "Mama Kamu! Kuku mzima leo, nalipa mie!" Nilipika kwa mkono wangu, sikumwachia Asifiwe. Mchuzi mzito, ndizi zimeiva mpaka zinang'aa, na firigisi nikaiweka juu ya sahani ya Fredrick na kipande cha limao pembeni. Mwaka huu sijaandaa meza nzuri kuipita ile. Tangu siku hiyo kaja mara mbili. Nikasema maskini, majukumu. Kumbe majukumu yenyewe yana kiyoyozi!

Jumatano, 19 Machi

Nimeamua kuwauliza. Kila anayepita nje na lile boksi lao namsimamisha, namuuliza kwa upole kwa nini, na upole wenyewe unanitoa jasho. Mmoja kasema kule kuna baridi. Mwingine kasema choo chao kina sabuni. Mwingine kasema kule bei imeandikwa ukutani, "huulizi, hupandishiwi." Nani niliwahi kumpandishia? Mwingine, mwanamke mtu mzima, kaniangalia, kasema, "Ah, basi tu, Mama Kamu." Basi tu! Hiyo ndiyo iliyonikera kuliko zote.

Jumamosi, 22 Machi

Feni ya pili imefungwa. Choo kimepakwa rangi, sabuni ipo. Bei zimeandikwa kwenye ubao mkubwa kwa rangi nyekundu, hata kipofu atazisoma. Haya, mje sasa.

Jumatatu, 24 Machi

Hawajaja.

Jumatano, 26 Machi

Abbasali kaja, mwenye jengo hili na lile la Kuku Dakika. Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, hata maji sikuweza kumkaribisha. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akazungusha macho kwenye viti vyangu kimoja kimoja.

"Mama Kamu, mie sipendi kuzunguka. Wale jirani wameniomba fremu hii. Wanataka kuweka sehemu ya watoto kuchezea."

"Watoto wachezee kwenye jiko langu?"

"Sikufukuzi. Wewe na mie tunajuana tangu marehemu baba yuko hai. Lakini nikipita hapa nakuta viti vinaangaliana. Mkataba wako unaisha mwisho wa Mei, siyo? Mie nataka mpangaji atakayedumu. Mwezi wa tano ukiwa unaishia nitakuja mchana, nitakunywa chai pale kwenye kona. Nikikuta watu, tunaandika mpya. Nikikuta viti, usinilaumu."

Nikasema sawa. Sawa! Miaka kumi na nne ya moshi, mgongo huu, macho haya, halafu vyote vikatafsiriwe kuwa bembea ya plastiki. Nimevunja kikombe. Kuvunja kikombe siyo kufoka, nimeshamuuliza Asifiwe.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepata jibu. Wao wana baridi, mie nina heshima. Basi heshima niizidishe. Kiti cha Mzee Theonest nimekiwekea mto. Firigisi zake sasa ni mbili. Wazee wengine wanne nimewatengea meza za mbele, karibu na upepo. Mzee Theonest kafurahi sana, mpaka leo manesi walipokuja wakakaa chini ya feni, kawaambia mwenyewe, "Mabinti, hebu hamieni kule nyuma, wazee wanakaa hapa. Na mmoja wenu aniletee maji ya kunawa." Wakahama. Mmoja akaleta maji. Adabu ilirudi ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Manesi hawajaja. Mvua kubwa, labda ndiyo sababu.

Ijumaa, 4 Aprili

Samaki. Manesi wamekuja, tena na wenzao wawili. Hawa watu siwaelewi hata kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Maji yamepita juu ya mtaro, yameingia hadi meza ya pili. Tumeyatoa kwa ndoo. Kule kwenye vioo hayajaingia.

Jumatatu, 14 Aprili

Sufuria imebaki nusu. Na jana pia nusu. Andika nusu, Jovina, andika nusu mpaka daftari liishe.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kristo kafufuka na mie nimefunguliwa mdomo. Nilidhani nitatoka kanisani nikifoka. Nikakuta sijui nianze na nani. Nimepika pilau, nimelala.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimepata wa kuanza naye.

Zubeda muuza mkaa kaniambia kwa nia njema kabisa, "Mpishi wako nilimwona jana Kuku Dakika, kapendeza kweli." Nikaingia jikoni na moto wangu wote wa siku arobaini. Nimemfokea Asifiwe mpaka wateja watatu waliokuwepo wakaacha vijiko. Nikamwita msaliti, nikamwita ndumilakuwili. Wewe unayejua mchuzi wangu unaanzaje, unakwenda kuwapa wale kuku wao wa kupuliziwa heshima ya mdomo wako?

Asifiwe ni Mnyakyusa, mtu wa maneno machache. Akamaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi. Akaiweka majini. Akasema, "Kila siku yangu ya kupumzika naendaga, mama. Tangu walipofungua."

"Kwa nini? Chakula kipo hapa, unakula bure!"

"Hapa nakula nimesimama."

"Nani kakukataza kukaa?"

"Nikikaa, Mzee Theonest ananituma." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mama, siku sita nawaletea watu. Siku ya saba na mie nataka nikae, mtu aniulize mama unapenda nini, aniletee. Wale watoto hata hawanijui. Wananiletea tu."

Nikasonya nikatoka nje. Mvua ikaninyeshea na nikaiacha. Kwenda kulipia kuku asiye na ladha ili tu mtu akuulize unapenda nini! Nina hasira naye. Nimeandika mara tatu nina hasira naye, nikafuta mara mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeingia.

Niliwahi kabla ya saa sita, nimejitanda kanga mpaka puani kama ninakwenda kudai mirathi. Binti wa kofia ya njano akapiga makofi yao yale, kisha akasema, "Shikamoo mama, karibu." Hata shikamoo wanayo! Nilikuwa nimejiandaa kuwakuta hawana.

Mbele yangu alikuwa fundi bomba, nyuma yangu mama mmoja na sare ya usafi wa barabarani. Vipande tulivyopewa sote watatu vilikuwa sawasawa, kama vimepimwa na rula. Kuku wenyewe, nasema kweli na Mungu ananisikia, ovyo. Nyama laini kama pamba, mchuzi hakuna, mfupa unakatika kama biskuti. Kwa ladha nawachapa asubuhi na jioni.

Halafu yule binti akaniuliza, "Tukuwekee na firigisi, mama? Za leo zina pilipili na limao."

"Za nani?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akadhani namtania. "Zako mama, ukitaka."

Nikachukua. Boksi dogo, firigisi nne. Nikakaa kwenye kile kiti chao, na hakuna aliyeniangalia. Meza ya pili walikuwa mabinti wangu wa duka la dawa, wale wale, wanakula firigisi kwa vidole, midomo inang'aa mafuta, wanacheka bila kuziba kinywa.

Nikaziangalia zangu. Mimi firigisi nazijua. Tangu nina miaka saba nazipasua, nabandua ule utando wa njano, nazisugua kwa chumvi. Nimeosha maelfu. Sijawahi kula hata moja. Kamachumu baba alikuwa anakaa kwenye kiti chake, sie mabinti watano tuko chini kwenye nyasi za kutandika, tunamwangalia taya linavyokwenda. Hatukuwa na njaa. Tulitaka tu kujua ikoje. Mama naye alikufa hajajua.

Nikainyanyua moja. Ikafika mdomoni. Mkono ukaganda. Mama wee! Mwanamke wa miaka hamsini na nne, nina wajukuu, na mkono umeganda kwa ajili ya baba aliyezikwa mwaka wa themanini na tisa. Nikairudisha, nikafunga boksi, nikatoka, na pale mlangoni nikampa mlinzi wao. Simjui hata jina. Akasema asante mama.

Nimefika hapa ndipo nimejiuliza kwa nini nimempa yule. Mama wa sare ya usafi alikuwa karibu nami zaidi, na alikuwa na boksi dogo kuliko langu. Nimempa mlinzi kwa sababu ana ndevu. Sina sababu nyingine, nimeitafuta jioni nzima.

Jumatano, 30 Aprili

Nimefunga kuku na ndizi kwenye hotipoti, nikapanda kilima cha shule kwenye tope, viatu mkononi. Rosalia alikuwa ofisini kwake. Ofisi ya mwalimu mkuu, pazia jipya, yeye na miwani yake. Aliponiona akasimama, halafu akakaa tena.

Nikamwekea hotipoti mezani. "Nimekuletea chakula, kwa kuwa miguu yako siku hizi haifiki kwangu."

"Umekuja kunigombeza, Mama Kamu?"

"Nimekuja kuuliza. Nimekufanya nini?"

Akavua miwani. Nje watoto wanaimba jedwali la saba. "Hukumbuki Januari?"

"Nakumbuka. Nilikupikia mwenyewe."

"Ulinipikia. Miaka kumi na minane nimefundisha, Mama Kamu. Nimepitwa na wanaume niliowafundisha kazi mimi. Siku barua imetoka, sikwenda kwa mume wangu, sikwenda kwa padre, nilikuja kwako. Kwa sababu nilijua wewe utafurahi kuliko wote." Akaikunja miwani. "Nikaagiza kuku mzima. Nimelipa mimi. Mwalimu mkuu ni mimi. Ukatoka jikoni na sahani, ukapita nyuma ya kiti changu, ukampa firigisi Fredrick. Mtoto wa miaka ishirini na tatu, ambaye mie ndiye ninayemsainia fomu! Yule kijana mwenyewe aliona aibu, akaniangalia, hajui ale au aache."

"Rosalia, hiyo ni mila tu. Wewe Mhaya, unajua."

"Najua. Nyumbani kwa baba nilinyamaza, nyumbani kwa mume nikanyamaza. Kwako nalipa, Mama Kamu! Nije nilipe ninyamaze?" Akapigapiga meza kwa kidole, kama anavyowafanyia watoto wazito wa kusoma. "Kule chakula hakina maana, najua. Lakini hawachungulii dirishani kuona mie ni nani. Hawanijui, na ndiyo raha yenyewe. Na wanawake wote unaowaona kule, waulize vizuri. Watakuambia baridi, watakuambia choo. Wanakuheshimu, hawawezi kukuambia."

Nikasimama. Nikamwambia, "Haya mwalimu mkuu," nikaondoka, hotipoti nikaiacha. Niliteremka kile kilima nikifoka peke yangu, watu wananipisha njia. Nimemtukana Rosalia hadi kwenye daraja. Toka darajani nikamtukana Fredrick. Nilipofika kwenye mlango wangu nikaona kiti cha Mzee Theonest na mto wake, nikaupiga teke ule mto ukaenda kwenye tope.

Nimekasirika kwa sababu hakukosea hata neno. Miezi miwili nafunga feni, nasugua choo, nawalaani watu kwa jina, na dirisha lenyewe la kuwafukuzia ni langu, nimelichungulia kwa jicho langu. Ijumaa hakuna kuku, hakuna firigisi, hakuna Theonest, na wanawake wanajaa. Niliandika humu mwenyewe! Nimerudi nyuma kurasa, naona mwandiko wangu. Sikusoma.

Jumapili, 4 Mei

Asifiwe nimemwambia samahani. Kasema, "Sawa mama." Nikamwambia kuanzia kesho tunakula tumekaa. Kasema, "Tutaona."

Jumatatu, 5 Mei

Nimeongeza mstari kwenye ubao, rangi nyekundu: FIRIGISI. ANAYEAGIZA NDIYE ANAYEPEWA. Na bei yake. Herufi moja imetoka kubwa kuliko nyingine.

Jumanne, 6 Mei

Saa saba kamili Mzee Theonest kaingia. Mto hakuuona, akakaa hivyo hivyo. Nikampelekea sahani. Akaizungusha, akainua paja la kuku na kuchungulia chini yake.

"Jovina. Yangu iko wapi?"

"Zimekwisha leo, mzee."

"Zimekwisha zimekwenda wapi?"

"Tatu wamechukua manesi. Wale pale."

Akageuka. Nesi mmoja alikuwa nayo mdomoni wakati ule ule, akaacha kutafuna. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nikajua hapa nikisema samahani mzee, mabinti hawa hawarudi tena, na fremu imekwenda.

"Mwanamke anatafuna firigisi mbele yangu," akasema, taratibu, "na aliyempa ni wewe, binti wa Kamachumu."

"Kanunua, mzee. Na wewe kesho ukiwahi utapata, ubaoni ipo."

"Mie nipange foleni na watoto wa kike? Baba yako angekuwa hai, Jovina!"

"Baba yangu alikula zake akamaliza," nikamwambia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakutubakishia hata ya kuonja. Mzee, kula chakula chako kinapoa."

Hakula. Akachukua kofia, akatoka, na wazee wanne wa meza za mbele wakamfuata mmoja mmoja. Nikabaki na sahani tano mezani. Nikamwangalia nesi, nikamfokea na yeye: "Tafuna basi!"

Akatafuna.

Alhamisi, 8 Mei

Sufuria imebaki nusu na robo. Nimejichimbia kaburi kwa mkono wangu.

Jumanne, 13 Mei

Asifiwe kanisimulia huku amejishika mbavu. Mzee Theonest yuko Kuku Dakika. Kashika kikaratasi cha namba arobaini na sita, kasimama nyuma ya mama wa sare ya usafi, na binti wa kofia ya njano anamwambia, "Subiri zamu yako, babu." Firigisi zilikuwa zimekwisha.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakasirika upya. Kwangu foleni ni matusi, kwao ni utaratibu.

Ijumaa, 16 Mei

Mabinti wa duka la dawa wamekuja. Mmoja kasoma ubao kwa sauti.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imepungua. Sufuria imekwisha saa tisa. Rosalia hajaja. Hotipoti yangu iko kwake, na siendi kuichukua.

Alhamisi, 29 Mei

Abbasali kaja saa saba na nusu, na mkewe Zehra. Wakakaa kwenye kona. Nikahesabu kwa jicho: meza nne zina watu, mbili hazina.

"Hapajajaa," kasema Abbasali.

"Sijakuambia pamejaa."

Akaendelea kuangalia. Manesi watano. Mabinti wa dawa. Mama wa usafi, kaja na wenzake wawili na fagio zao wameziegemeza ukutani. Fundi bomba. "Sura hizi sizijui," kasema. "Wale wazee wako wako wapi?"

"Wamehamia kwa wapangaji wako wengine."

Zehra alikuwa anasoma ubao. "Hii firigisi, ni mtu yeyote kweli?"

"Yeyote, mama."

"Nani anachinja?"

"Mzee Mwislamu wa sokoni, tangu nimeanza."

"Basi nipe." Abbasali akamwangalia mkewe, akanywa chai. Zehra akala yote, akaomba limao jingine. Abbasali aliponyanyuka kasema, "Jumatatu njoo na karatasi. Miezi sita kwanza, tuone." Miezi sita, mtu wa miaka kumi na nne! Nilitaka kumjibu vibaya. Nikasema asante, nikamsindikiza mpaka kwenye gari.

Niliporudi ndani Rosalia alikuwa amekaa chini ya feni, kwenye kiti kile cha Mzee Theonest. Hotipoti yangu iko mezani, imeoshwa.

"Firigisi ipo?" kauliza, hakuniangalia.

"Imebaki moja."

"Nipe."

Nikamletea. Juu kabisa ya sahani, limao pembeni. Akachukua kisu, akaikata katikati, nusu akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Kaa."

"Nina kazi jikoni."

"Kaa, Jovina." Miaka kumi na miwili hajawahi kuniita Jovina. Nikakaa, kwenye mgahawa wangu mwenyewe, mara ya kwanza wateja wakiwepo. Asifiwe akatoka jikoni, akasimama mbele yetu na kitambaa mkononi. "Niwaletee nini, mama zangu?" kasema, na hakuwa anatania.

Nikala. Mwanzoni inagoma kidogo kwenye jino, halafu inaachia, halafu kuna utamu unakuja nyuma, wa chumvi, taratibu. Nilitafuna nikamaliza. Rosalia ananiangalia, ananingoja niseme kitu, na machozi yananitoka ya hasira tupu. Nikapiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka, mgahawa mzima ukageuka.

"Ni tamu!" nikafoka. "Miaka yote hii wanakula, na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"